Siku Niliyoshika Shuka la Sinema

Kirolirwe nzima wanajua tayari, kwa hiyo sioni faida ya kuwaficha ninyi: mimi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nilikamatwa mchana kweupe katika banda la sinema pale Kitshanga, nimejificha ili nitazame filamu ya pili kwa tikiti ya filamu ya kwanza, na siku yenyewe ilikuwa siku ya kupokea mahari ya Furaha, binti wa dada yangu. Chekeni kwanza. Nitangoja.

Mmemaliza? Haya.

Jina langu ni Safari, na nadhani mama aliponipa jina hilo alikuwa ananiombea mabaya bila kujua. Tangu nimalize sekondari (nilimaliza kweli, diploma iko kwa dada yangu ndani ya sanduku, kama panya hawajaila) sijakaa mahali pamoja miaka miwili mfululizo. Nimeuza sabuni Walikale, nimesukuma chukudu, baiskeli yetu ya mbao, iliyojaa viazi mpaka Sake, nimewapikia wachimbaji maharage huko msituni, nikarudi, nikaondoka tena. Nikiwa msituni naota vilima vya Masisi na harufu ya maziwa yanayochemka, nikifika vilimani siku ya tatu naanza kuukumbuka msitu. Ndivyo nilivyo. Matokeo yake ni kwamba sherehe zote za ukoo wetu nilizihudhuria kwa simu. Ubatizo wa watoto, kwa simu. Ndoa ya mdogo wangu Innocent, kwa simu, na siku hiyo mtandao ulikuwa unakatika hivi kwamba mpaka wanaaga nilikuwa bado sijalisikia jina la bibi arusi.

Sasa dada yangu mkubwa (namwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu wote wa tumbo moja) alinipigia nikiwa Walikale, na hakunisalimia.

"Safari, siku ya posho wakwe banaleta mali ya Furaha. Saa sita. Weye njo mujomba."

"Nitafika, Yaya."

"Unasemaka hivyo kila mara. Sikiliza muzuri. Nimeweka kiti yako pembeni ya Papa Furaha. Kama wakwe banaingia na kiti iko wazi, nitakalisha Innocent. Na kuanzia ile siku yeye njo atakuwa mujomba wa batoto bangu bote bane. Weye utakuwa mugeni tu, utakuja kama bageni bengine, utakula, utaenda."

Msidhani ni kitisho kidogo. Kwetu, wakwe wakija na mali, hata wakija na ng'ombe wanaojaza bonde, hakuna kinachopokelewa kabla mjomba hajaishika kamba ya mbuzi wake. Mbuzi wa mjomba ndiye anayefungua mlango. Na yule anayeishika kamba hiyo ndiye atakayeulizwa siku wanandoa wakigombana, ndiye atakayeletewa mtoto mchanga ambariki, ndiye anayebaki mjomba. Mimi mke alinichoka (simlaumu hata kidogo), mtoto sina. Watoto wanne wa Yaya ndio watu pekee duniani wanaoniita kwa jina lenye heshima ndani yake. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba nitafika, nilimaanisha, na wala sikuwa nasema kwa ajili ya kumaliza simu.

Na nilifika! Mnikumbuke kwa hilo. Ijumaa jioni nilikuwa Kitshanga, nimelala kwa rafiki, na Jumamosi asubuhi, siku ya posho yenyewe, nilivaa kostime yangu, suti ya rangi ya maziwa, kravati nyekundu shingoni, kofia pana niliyonunua Goma, na mabote miguuni kwa sababu ya matope, viatu vya kung'aa nikavitia kwenye mfuko wa plastiki. Nilipendeza mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama ni mimi ninayeoa. Nikapatana na motari mmoja, dereva wa pikipiki, anaitwa Elie, kijana mwenye heshima, na hapo hapo mvua ikashuka kama mtu amepindua pipa.

"Papa, barabara ya Kirolirwe sasa ni sabuni," Elie akaniambia. "Tungoje lisaa limoja tu. Ikikatika, nusu saa tumefika."

Ilikuwa saa tatu kasoro. Hesabu ilikuwa nzuri. Tukasimama chini ya baraza la banda moja la mbao, turubai juu, na ndani ya banda hilo nikasikia muziki, kishindo cha ngumi, na sauti ya mtu anatafsiri kwa kipaza sauti. Mlangoni alikaa mwenye banda, Mama Sifa, mwanamke mpana mwenye tochi shingoni, mbele yake sufuria ya maziwa ya moto na vipande vya karatoni alivyovikata mwenyewe: vyekundu vya filamu ya kwanza, vya buluu vya filamu ya pili, vya kijani vya filamu ya tatu.

"Papa, unaloana bure," akasema. "Ndani kuko kukavu."

Nikanunua kimoja chekundu. Hapo bado sikuwa nimekosa kitu, naomba ieleweke.

Lakini lazima niwaambie ugonjwa wangu. Zamani, tulipokuwa vijana katika mji huo huo, televisheni ilikuwa moja, kwa seremala, na kila filamu ilipoisha watu walitolewa nje wote ili walipe upya, na sisi tulikuwa tunalala kimya chini ya mabenchi mpaka wapya waingie, halafu tunachomoza katikati yao kama uyoga. Mimi nilikuwa bingwa. Filamu nne kwa tikiti moja, siku moja, na sijamsikia mwingine aliyefika hapo. Katika maisha yangu sijapata sifa nyingi, basi ile nimeitunza. Nilipokaa kwenye lile benchi, harufu ya ubao mbichi na makoti yaliyoloana ikanipanda kichwani, na ile miaka yote ikarudi kuniketi mapajani.

Filamu yenyewe ilikuwa ya ndugu wawili, mmoja mwema na mmoja aliyetekwa na majambazi akiwa mdogo akalelewa nao. Mtafsiri, kijana mmoja anaitwa Dieumerci, alikuwa ameihamishia yote Masisi. Mwema, kwa maneno yake, ni mtu wa Mushaki aliyekuwa anaenda kuuza fromaji, jibini yetu ya vilimani, majambazi wamejificha nyuma ya Karuba, na kila gari likipinduka Dieumerci analia, "Nilikuambia ile kona ni mubaya!" Skrini ilikuwa mashuka mawili meupe yaliyoshonwa pamoja, na mshono ulipita katikati ya nyuso za watu, kila mwigizaji alionekana kama amewahi kupasuliwa. Nilicheka mpaka nikafungua kifungo. Na mwisho, sikilizeni mwisho: mwema ameteleza genge, ananing'inia kwenye kamba, na huko juu anayeishika kamba ni nani? Ndugu yake jambazi, kisu mkononi. Wanatazamana. Kisu kinapanda. Giza.

"Parti ya mbili, dakika tano!" Dieumerci akapaza. "Tokeni bote! Mwenye buluu njo anarudi!"

Banda zima liliguna kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi. Atakata? Atavuta? Nikatoka mpaka mlangoni, na pale Elie alikuwa anapangusa kiti cha moto, pikipiki yake.

"Papa, mvua imekatika. Twende."

Saa nne na robo. Na pesa ya tikiti ya buluu nilikuwa nayo, mfukoni, sikukosa hata kidogo, ndiyo maana hata leo siwezi kujitetea kwa umaskini. Ilikuwa tu kwamba nilipowaona wale watu wanatoka kwa utii, mguu wangu wenyewe ukageuka. Nikasikia sauti ya yule bingwa wa chini ya benchi ikiniambia: mara moja tu, Safari, dakika kumi, uone kamba imekatwa ama haikukatwa, halafu unakwenda.

"Dakika kidogo," nikamwambia Elie.

Mabenchi ya siku hizi ni mbao juu ya mawe, na tumbo la miaka arobaini halipiti chini yake (nilijaribu). Mama Sifa alikuwa anakuja na tochi, anamulika mstari kwa mstari. Nikapenya nyuma ya shuka.

Huko nyuma kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu, magunia ya makala, mkaa wa kupikia, na kamlango kadogo ka kwenda uani. Nikakaa juu ya gunia. Watu wakaingia, filamu ikaanza, na nikagundua jambo la ajabu, kwamba ukiwa nyuma ya shuka unaiona filamu yote vilevile, imegeuka tu, wote wanapigana kwa mkono wa kushoto! Nilijisikia mfalme. Nilifikiri, mbona miaka yote ile nilikuwa ninalala chini ya mabenchi kama mjinga? Ila filamu hiyo ilianza na mambo ya zamani, utoto wa wale ndugu, mama yao, mto, wimbo, na kamba hawaionyeshi. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Nikasema siwezi kuondoka kabla ya kamba, nitakuwa nimejiaibisha bure.

Nilikuwa nimesimama ili ninyooshe mgongo, kofia kichwani, wakati kale kamlango ka uani kalipofunguliwa. Alikuwa mama mpishi wa mandazi, anakuja kuchota makala. Na nje, baada ya mvua ile, jua lilikuwa limetoka lote kwa pamoja. Likaingia mlangoni, likanipiga mgongoni, na kivuli changu, pamoja na kofia, kikaanguka juu ya shuka, kirefu kama mnara, katikati ya majambazi.

 Halafu nikamsikia Dieumerci:

"Eeeh! Na uyu ni nani tena? Uyu hakukuwa mu parti ya kwanza!"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia popote, hata kwenye harusi. Mimi nikaganda, nikijiambia nisipotikisika watadhani ni mti. Lakini ndani ya filamu yule mwema alikuwa anaruka na teke, linakuja moja kwa moja usoni pangu, na (jamani, ni damu tu, hata ninyi mngefanya hivyo) nikainama.

"Ameinama! Muzee wa kofia ameogopa!" Dieumerci akalia. "Ni mukubwa wa bandi, banamupiga sasa!"

Kutoka benchi la mbele mzee mmoja mwenye sauti ya mkwaruzo akapaza, "Achana naye, bwana, anatafuta choo!"

Na hapo mama wa mandazi akaniona, akapiga kelele, "Mwiziii!" na kunitupia kipande cha makala. Nyuma kulikuwa na yeye, mbele kulikuwa na shuka. Nikachagua shuka. Uzi wa upande wa kulia ukakatika, shuka likanifunika lote, na nikatokea mbele ya watu nikipapasa hewa kama mzimu, huku majambazi wanaendelea kufyatuliana juu ya tumbo langu. Waliokuwa wamekaa walisimama, waliokuwa wamesimama walikaa kwa kukosa nguvu.

Mama Sifa aliniondoa shuka kichwani polepole, kama mtu anayefunua chungu ambacho ameshasikia harufu yake.

"Tiketi."

Nikamwonyesha. Chekundu.

"Papa muzima," akasema, wala hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na kostime. Na kravati. Sura ya muntu anaendaka kanisani."

"Mama, nitalipa. Mara mbili."

"Sipendi pesa yako. Sheria ya hapa bote banaijua. Jamani, sheria inasema nini?"

Na banda zima, kama watoto wa katekesi: "Mwenye kuvunja, ashike!"

Maana yake ilikuwa kwamba nipande juu ya gunia la makala na niishike ile kona ya shuka iliyokatika uzi, mkono juu, nikiwatazama watu, mpaka filamu iishe. Nikapanda. Fikirieni: watu mia moja wanaitazama filamu, mimi nimewageukia nawatazama wao, ninaona nyuso zao zinavyoshtuka na kufurahi, lakini filamu yenyewe sioni kitu. Kila nilipotaka kugeuza shingo, Mama Sifa alinimulika na tochi. Mkono ukaanza kufa ganzi. Na yule mzee wa benchi la mbele ananiambia kila mara, "Inua kidogo, Papa, unamukata kichwa," na vijana wake watatu wanalia machozi ya kucheka.

Basi simu yangu ikalia. Yaya. Nikaipokea kwa mkono wa pili.

"Safari! Ni saa tano na nusu. Uko wapi?"

"Niko mu njia, Yaya, niko karibu..."

Na katika dakika hiyo hiyo, ndani ya filamu, polisi walifika. Tratatatata! Kelele za wanawake. Bomu. Na Dieumerci kwenye kipaza sauti, kwa moyo wake wote: "Lala chini! Lala chini! Banakuya! Mama, kamata batoto!"

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini huko kwake.

"Safari. Ile ni nini?"

Ninyi mnaijua Masisi. Hakuna mtu wa kwetu anayesikia mlio ule akafikiria filamu. Kipindi kile kulikuwa kumetulia, miezi kadhaa, ndiyo maana watu walithubutu hata kupanga ndoa, lakini masikio yetu hayajatulia.

"Si kitu, Yaya, ni..." Na hapa ndipo nilipokosa kweli. Yale ya tikiti ni utoto, lakini hapa nilikuwa na neno moja tu la kusema, sinema, na sikulisema. "Ni kelele tu."

"Kelele? Hayo ni masasi! Safari, lala chini! Yesu wangu, Papa Furaha, kuya, banapiga Kitshanga, Safari iko katikati..."

Tratatatata. Na simu yangu, ambayo haikuchajiwa tangu Alhamisi, ikazimika.

Nadhani uso wangu ulibadilika, kwa sababu Mama Sifa alizima tochi. "Nini?"

"Dada yangu. Anafikiri ni vita."

"Ukamwambia nini?"

"Ni kelele tu."

"Mupumbafu we!" akaruka. "Kimbia! Kimbia kabla hajabeba batoto kwenda pori! Leta kwanza hiyo kravati." Akanivua kravati shingoni, akaifungia ile kona ya shuka juu ya msumari, na watu wakapiga makofi kwa sababu sasa shuka limenyooka kuliko nilivyolishika mimi. Nilitoka mbio. Nyuma yangu nilisikia banda zima likivuta pumzi kwa pamoja, "Aaaah!" Kamba. Nawaapia, ilikuwa ni kamba.

Elie alikuwa amelala juu ya moto wake. Tulikwenda kwa mwendo ambao sitaki mama yake aujue. Tulianguka mara mbili, mara ya kwanza kwenye matope, mara ya pili kwenye matope na samadi, na kiatu kimoja cha kung'aa kilibaki huko, ng'ombe wa mtu amekikanyaga. Niliomba simu ya Elie, lakini namba ya Yaya siijui kwa kichwa (nani siku hizi anajua namba kwa kichwa?).

Tulipofika Kirolirwe, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye bote. Turubai la sherehe lipo, viti vipo, maua ya plastiki yapo, na katikati ya hayo yote magodoro yamefungwa kwa kamba, masufuria yameondolewa motoni, majirani wamebeba mabulungutu, watoto wamevalishwa sweta mbili mbili. Na chini ya turubai, wanawake wamepiga magoti, na Yaya yuko mbele, kitambaa chake kizuri kipya kwenye udongo, analia jina langu kwa Mungu.

"Safari ni muzima!" mtu akapiga kelele.

Basi, nilikumbatiwa. Nilikumbatiwa na watu ambao kwa kawaida hunikopesha salamu tu. Waligusa matope ya kostime yangu wakasema, "Angalia, amejiburuza!" Yaya alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanikalisha yeye mwenyewe kwenye kile kiti pembeni ya mume wake. Innocent alisimama akanipisha, machozi machoni, akasema, "Kaka, pardon. Nilikuwa nimefurahi kukaa hapa." Katekista akashukuru kwa sala ndefu. Furaha, bibi arusi mwenyewe, akaleta maji ya moto akaniosha miguu, akaninong'oneza: "Mujomba, nilimwambia Mama tuache ndoa kwanza. Heri nikose bwana kuliko mujomba afe sababu yangu."

Pale ningesema. Mtu mwenye akili angesema. Mimi nilisema, "Mungu ni mwema," nikanyoosha mguu wa pili.

Waliona nimefika mzima, wakasema basi huko kumetulia, wakafungua magodoro. Maharage yakarudishwa motoni, lakini moto ulikuwa umekufa, kuni zimemwagiwa maji. Saa nane, wakwe wakaingia. Yaya aliwakimbilia.

"Karibuni, karibuni, bazazi! Pole sana! Mulipita namna gani mu yale masasi?"

Msemaji wao, mzee anaitwa Papa Gervais, akasimama. "Masasi gani, Mama?"

"Ya Kitshanga! Asubuhi!"

"Kitshanga? Kitshanga iko kimya kabisa. Sisi tumetoka kule sasa hivi. Utusamehe kuchelewa, mvua ilitukamata, tukaingia mu sinema kidogo..." Na sauti hiyo, ile sauti ya mkwaruzo, ndugu zangu, niliijua kabla sijainua macho. Nikashusha kofia. Lakini mzee alikuwa anaendelea, huku anaingiza mkono mfukoni. "Halafu Mama mwenye sinema alitutuma. Alisema kuna papa mumoja anakuja huku Kirolirwe, amesahau kitu. Labda munamujua. Muzee wa kofia."

Akatoa kravati yangu nyekundu, ina vumbi la makala na tundu la msumari.

Watu walitazama kravati, wakatazama shingo yangu. Mmoja wa wale vijana watatu akashindwa kujizuia, akapaza kwa sauti ya Dieumerci, "Uyu hakukuwa mu parti ya kwanza!" na wakwe wote wakaanguka kwa kucheka, na wakaeleza, kila mmoja akimkatiza mwenzake, kivuli, teke, shuka, gunia, "inua kidogo Papa", simu, yote. Kisha Furaha, aliyekuwa bado ameshika beseni la maji ya miguu yangu, akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akakaa chini na beseni lake, na baada yake wote wakacheka, hata katekista, ila Yaya.

Papa Gervais aliuona uso wa Yaya, na kwa sababu ni msemaji hodari akajaribu kulainisha mambo. Akamleta mbuzi, mbuzi dume mnene mwenye ndevu, kamba mpya.

"Mujomba, mbuzi yako njo hii. Lakini sisi tuko batu ba kupatana. Najua uliondoka mbele ya kuona kamba. Tukupatie shauri: unatuachia mbuzi, na mimi, hapa hapa, nakuambia kama alikata ao alivuta."

Mnacheka, lakini Mungu ananijua, nilitaka. Sekunde moja nzima nilitaka, mdomo ulishafunguka. Vijana wakaona, wakapiga makofi, "Anafikiria! Anafikiria!"

Yaya akaja akasimama mbele yangu. Kitambaa chake kipya kilikuwa na mabaka mawili ya udongo pale alipopiga magoti.

"Chagua," akasema.

"Yaya..."

"Nilikuzika leo, Safari. Asubuhi hii yote nilikuzika. Chagua sasa mbele ya batu, nijue."

Nikasimama, bote moja lina maji, nikaishika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele, ng'ombe wakatajwa, mlango ukafunguka. Yaya akageuka akaenda jikoni. Na chakula kilipoletwa, maharage yalikuwa hayajaiva, magumu kama kokoto, na watu mia mbili waliyatafuna kwa heshima, na kila yalipolia meno ya mtu, kru, mwenye meno alinitazama mimi.

Hakuna mkwe hata mmoja aliyeniambia mpaka leo. Nimewauliza wakiwa wamelewa, nimewauliza wakiwa wagonjwa. Wanasema, "Ulichagua mbuzi." Wala sijaitafuta filamu ile. Sinema kwangu imekwisha, ya tikiti moja na hata ya tikiti tatu, na simu yangu naichaji kila siku, na mtu akiniuliza niko wapi namwambia mahali nilipo, hata pawe pabaya.

Mwezi uliopita ulikuwa ubatizo wa mtoto wa Furaha, siku ya Mungu, yaani Jumapili, Kirolirwe. Nilipita njia ya Mushaki ili nisiione Kitshanga hata kwa mbali, na nilifika Alhamisi. Yaya alinikuta asubuhi na mapema nimekaa jikoni kwake na mfuko wangu.

"Weye? Batizo iko siku ya Mungu."

"Najua, Yaya."

Akanisogezea gunia la viazi na kisu. Nikamenya viazi siku tatu, na sikwenda mahali popote.